Kwa Hivyo Ilikuwa Kazi ya Mama

Ndugu yangu Kibet,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Nimeshika kalamu nikajiuliza maneno hayo nitayapeleka wapi, na wewe umelala hapo nyuma ya boma la ng'ombe, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Mimi si mzima sana. Na hofu niliyokuwa nayo juu yako iliisha siku ile, maana kila nililoliogopa lilitokea kwa mpigo mmoja. Basi pokea salamu peke yake. Chamgei, weri, kijana wetu.

Barua hii sitaifunga kwenye bahasha. Aliyeniomba niandike ni rafiki yako Omondi. Yuko mwaka wa mwisho sasa hapo chuoni Kabianga, na mwalimu wenu wa mantiki amempa kikundi cha wanafunzi wa mwaka wa kwanza awasaidie jioni. Anasema wanasoma mpaka macho yanawauma, wanakariri kila neno la kitabu, halafu ukiwapa hoja mbili za barabarani wanapotea. Akanipigia simu. "Dada, si uwaandikie vile Kibet alikuwa anasoma? Mimi nikianza kuwaambia, sauti inakatika." Nikamwambia nitajaribu. Nimejaribu kuandika kama mwalimu, kila mara ninajikuta naandika "wewe". Kwa hiyo wataisoma hivi hivi, wakiwa wamesimama nyuma ya bega lako.

Lakini kabla sijafika kwa masomo, kuna jambo hukulijua, maana lilitokea ukiwa tayari ndani ya sanduku. Siku tuliyokuzika, mama alimkataza Omondi kukanyaga kwetu. Alisema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyekuua. Neno hilo limekaa nyumbani kwetu mwaka mzima na zaidi, na ndilo nataka kukueleza lilivyoisha, kama limeisha.

Wacha nianze na muhula wako wa kwanza. Ulirudi Ijumaa moja na uso umekunjamana. Ulikuwa umefanya mtihani wa kwanza wa mantiki, na alama ulizopata hukuwahi kuzitaja mpaka leo, hata nilipokutishia kwamba sitakushonea suruali. Ulisema tu kwamba umekisoma kile kitabu mara nyingi mpaka kurasa zimekuwa na rangi ya kidole chako, na bado hakuna kilichoingia. Mama akakuwekea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kwenye kikombe kikubwa na kukwambia unywe kwanza. Ulikunywa, ukalala, na asubuhi ukafunga aproni ya plastiki kiunoni ukaingia nasi kwenye majani.

Ni huko ulikopata njia yako. Ulikuwa mstari wa pili, mimi wa tatu, mama wa nne, na ukaanza kunieleza ukurasa uliokushinda, kwa hasira tu, kama mtu anayesimulia jinsi alivyoibiwa. Nikakuuliza swali la kijinga. Mikono yako iliendelea kuchuna lakini wewe ulikuwa umeondoka. Baadaye ukaniambia kwamba lile swali langu ndilo lililokuonyesha mahali ambapo hukuwa umeelewa. Kutoka siku hiyo hukusoma tena kwa macho peke yake. Ulisoma ukurasa mmoja jioni, ukafunga kitabu, na kesho yake ukatueleza sisi ambao hatujausoma. Pale tulipokukwamisha, ndipo uliporudi kitabuni. Mlio mwaka wa kwanza, hiyo ndiyo siri yake yote ya kusoma. Alitafuta watu wa kumkwamisha, akawapata kwenye shamba la chai.

Halafu ukaanza mchezo wa misingi miwili. Ulitwambia kwamba hoja ina misingi, yaani zile sentensi unazoomba mtu akubali kwanza, na ina hitimisho, ile inayotoka ndani yake. Mwanzo wa mstari ulisema msingi wa kwanza. Katikati ukasema wa pili. Tulipofika mwisho ulisema "kwa hivyo", ukasimama na kikapu mgongoni ukingoja mmoja wetu amalizie. Mimi mara nyingi nilikuwa nawaza nguo za watu kule Litein ambazo sijamaliza kuzishona. Mama ndiye aliyependa. Muda mfupi tu akakunyang'anya hata lile neno lako. Ulikuwa ukimaliza msingi wa pili, yeye anadakia, "Kwa hivyo," kwa sauti ya mtu anayeweka sufuria mezani, halafu anasema hitimisho. Ikawa ndiyo kazi yake. Tukiwa shambani hakuna aliyethubutu kusema "kwa hivyo" isipokuwa mama.

Wa mwaka wa kwanza hawatajua ufito, wale waliokulia mjini. Ni mti mrefu mwembamba tunaoulaza juu ya michai ili tujue kimo. Chipukizi lililopita juu ya ufito linachunwa, lililo chini linaachwa likomae. Bila ufito mchumaji mwenye haraka anakwangua mpaka majani magumu, na kituoni, majani yanakopimwa, anarudishiwa. Wewe uliuinua ule ufito wetu ukamwambia mama, "Misingi ndiyo hii. Hitimisho likiwa chini ya hapa, usilichune." Mama akakwambia urudishe ufito mahali pake kazi iendelee.

Unakumbuka hoja ya kwanza uliyomletea? Ilikuwa ile iliyo kwenye kila kitabu cha mantiki, kwamba binadamu wote hufa, na mzee fulani wa Kiyunani ni binadamu. Ulitaka kuirahisisha. Ukaondoa jina la yule mzee ukaweka lako. "Binadamu wote hufa. Kibet ni binadamu." Ukasimama ukingoja. Mama aliacha kuchuna. Alitema mate pembeni, kama kogo, nyanya yetu, alivyokuwa akifanya, akasema, "Jina la mtu wa hii nyumba usiweke kwa hiyo hesabu. Kwisha." Ulijaribu kumweleza kwamba ni mfano tu, ukaona uso wake, ukaacha. Nyumba iliyomzika baba ukiwa darasa la tatu haichezi na sentensi za namna hiyo. Tangu hapo mifano yako yote ilikuwa ya Chelel, ng'ombe wetu.

"Ng'ombe wote hula majani. Chelel ni ng'ombe."

"Kwa hivyo," mama akasema, "Chelel amekula leso yangu jana, ile ya maua, na sijaona jani hata moja kwa hiyo leso."

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye matope. Halafu ukageuza kuwa somo, maana hukuweza kujizuia. Ukamwambia kwamba hoja inaweza kuwa halali, yaani hitimisho linafuata vizuri kutoka kwa misingi, na bado msingi wenyewe ukawa mbovu. Uhalali ni kitu kimoja na ukweli ni kingine. Mama akakwambia, "Basi nenda umwambie Chelel." Nimezisikia hoja zako nyingi, Kibet, na nyingine zimenitoka. Hiyo naisikia kila nikimkamua.

Mwaka wa pili ukamleta Omondi. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa, ng'ambo ya mto. Baba yake alitoka ziwani kuja kufanya kazi kiwandani, na mama yake alichuna chai mpaka mashine za kuchuna zilipoingia na wengi wakarudishwa nyumbani, yeye akiwa mmoja wao. Ulidhani unamletea mama mgeni wa kukaa kwenye kiti. Omondi akafunga aproni, akaingia kwenye mstari, na kabla ya saa nne kikapu chake kilikuwa kimepita chako. Mama alimtazama akichuna, akanitazama mimi, akasema kwa Kipsigis kwamba huyu amelelewa. Kwa ajili yake tukaanza kuzungumza Kiswahili shambani. Alikunywa chai bila sukari, jambo ambalo mama hakulielewa kamwe. "Huyu kijana anakunywa chai kama dawa," alisema, na akawa anamwekea kikombe chake kando kabla hajaikoroga sukari kwenye sufuria.

Ninyi wawili mlibishana juu ya zile mashine karibu mwezi mzima. Wewe mtoto wa shamba dogo ulisema mashine haina kosa. Omondi, unaelewa mwenyewe. Lakini mlikuwa na sheria mliyoitoa darasani, na hiyo ndiyo ninayotaka wanafunzi wake waikate waibandike ukutani. Kabla hujapinga hoja ya mwenzako, iseme wewe kwanza, mpaka yeye akubali kwamba ndivyo alivyomaanisha. Nilikusikia ukiisema ya Omondi, naye anatikisa kichwa. "Zii, hujasema vile mimi nasema. Umesema yenye ni rahisi kupiga. Rudia." Ukarudia. "Bado." Ukarudia tena, na mara hiyo uliongea juu ya mama yake, jinsi alivyoamka asubuhi baada ya kazi kuisha, akafunga aproni kwa mazoea, kisha akaifungua. Omondi akasema polepole, "Ndiyo hiyo." Na wewe hukuwa tena na hamu ya kupinga.

Somo la njia iliyolowa sijui kama nitaliweza, lakini ndilo lililobeba mengine yote.

Ulisema: mvua ikinyesha, njia ya kwenda kituoni inalowa. Njia imelowa. Ukasimama.

"Kwa hivyo mvua imenyesha," mama akasema, bila hata kufikiri.

"Hapana, mama."

"Hapana namna gani?"

Ukamweleza kwamba mvua hulowesha njia, ni kweli, lakini si mvua pekee inayolowesha. Labda mtu ameosha mikebe ya maziwa akamwaga maji pale. Kuona njia imelowa hakukupi ruhusa ya kusema ni mvua, kunakupa ruhusa ya kuuliza. Mama hakufurahi. Alisema yeye ameishi kwenye hivi vilima kabla hujazaliwa na njia ikilowa ni mvua. Mimi na wewe tulipeleka majani, lori likachukua, tukarudi, na wewe ukiwa mbele ukakanyaga matope kwenye mlango wa jikoni, na jua lilikuwa limewaka siku nzima. Mama alikuwa amesimama ndani na ndoo tupu. "Mwalimu," akakuuliza, "mvua imenyesha?" Sijawahi kumwona mama akijipenda namna ile. Kwa wiki nyingi, mtu akisema jambo kwa haraka nyumbani, mwingine alimjibu "ndoo", na yeye alijua arudi nyuma afikiri.

Halafu nyanya yake Omondi akafa, kule ziwani, mkaenda pamoja kumzika. Ulikuwa wakati wa likizo. Mlilala uani chini ya turubai na waombolezaji wengine, kama inavyofanywa kule, na ulirudi ukiwa na samaki waliokaushwa na hadithi nyingi juu ya vile watu wa Omondi wanavyojua kulia na kucheza kwa usiku huohuo. Mama alikula wale samaki akawasifu. Siku zikapita, kama wiki mbili hivi. Sote tulikuwa tumesahau ziwa.

Ikaja ile mvua ya mawe. Ulikuwa chini kabisa ya shamba, ukakataa kukimbia mpaka umalize mstari, ukafika nyumbani umelowa mpaka ndani ya viatu na masikio mekundu. Kesho yake ukaanza kutetemeka.

"Ni ile mvua," ukasema. Wewe mwenyewe, Kibet. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe, nikakusikia. Mama akasema ni ile mvua. Mimi nikasema ni ile mvua. Jirani alipita, akakuangalia, akasema hii mvua imelaza watu wengi. Sisi wa vilima vya baridi ndivyo tulivyo. Mtu akitetemeka msimu wa mvua tunamwekea tangawizi kwenye chai na blanketi la pili, na mara nyingi anaamka. Mbu ni habari ya watu wa joto. Ulipata nafuu mchana mmoja, ukala ugali, ukamuuliza mama kama Chelel amekula leso nyingine. Kisha ukarudi kutetemeka. Ulipoanza kuniita kwa jina la baba, tulitafuta gari. Hospitalini daktari aliuliza kitu kimoja tu, kama umesafiri siku za karibuni. Nilipotaja ziwa, alifumba macho kidogo. Alisema malaria imepanda kichwani. Hukurudi nasi.

Nina hasira na wewe. Nimekaa nayo na sitaificha kwa sababu wageni wanasoma. Ukinyeshewa unapata homa. Nina homa. Kwa hivyo ni ile mvua. Ulikuwa umetufundisha kosa hilohilo, kwa kidole, kwenye matope ya mlango wetu, na ndilo ulilolifanya juu ya mwili wako mwenyewe, na hakuna mtu nyumbani aliyesema "ndoo". Nimelifikiria mara nyingi nikikanyaga cherehani, na hivi ndivyo naona. Kilichotudanganya ni kwamba mvua ilikuwepo kweli. Siku ile ya mama jua liliwaka, kwa hiyo ndoo ilionekana. Wewe ulinyeshewa na mawe yakakupiga mbele ya macho yetu, na nani anatafuta ndoo wakati bado anasikia mvua kwenye mabati? Wa mwaka wa kwanza waambiwe hivyo. Kosa hili halitawajia kama linavyokuja kwenye karatasi ya mtihani, limepigiwa mstari. Litawajia na ushahidi mkononi.

Siku ya mazishi Omondi alikuja na wanafunzi wenzenu. Watu walipopanga mstari wa kutupa udongo, naye akainama akachukua. Mama akasema, "Wewe usiweke mkono wako hapo. Wewe ndiye ulimpeleka, wewe ndiye umemuua. Usikanyage tena hapa." Alisema kwa Kiswahili, ili aelewe. Omondi alirudi nyuma mpaka kwenye ua, akasimama huko mpaka mwisho, na alipoondoka niliona bado amefumba mkono.

Toka siku hiyo mama hakusema tena "kwa hivyo". Si shambani tu. Hata akitaka kusema maziwa yameganda basi tuyamwage, anasema maziwa yameganda, halafu ananyamaza. Mimi ndiye namwaga.

Omondi aliponipigia juu ya wanafunzi wake, kabla hajakata simu aliniuliza jambo la pili. "Dada, kuna siku naweza kusimama pale kidogo? Sitakaa. Mathe akikataa, ni sawa, nitarudi." Nikamwambia nitaongea naye. Kisha nikakaa na hiyo ahadi wiki nzima nikiogopa, kwa sababu mama anaweza kukunyamazia mpaka ukaomba agombe.

Nilimwambia Jumamosi, tukiwa kwenye majani, yeye kwenye mstari wake na mimi kwenye wako. Sikuanza kwa kumtetea Omondi. Nilifanya kama ninyi mlivyofanya. Nilisema hoja ya mama.

"Mama, wewe unasema hivi. Kibet alikuwa mzima. Omondi akampeleka ziwani. Kama hangeenda, mbu hangemuuma, na kama hangemuuma tungekuwa naye hapa. Omondi alijua kwao kuna mbu, na Kibet hakujua. Kwa hiyo Omondi alikuwa amebeba kitu ambacho mwenzake hakujua anabebeshwa."

Mikono yake ilisimama. "Ndiyo hivyo," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo. Wote wananiambia nisamehe."

Nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Nilitaka kusema kwamba kutangulia si kusababisha, na kusababisha si kukusudia, yote niliyoyaokota kwako. Hakunipa nafasi.

"Unafikiri sijui?" akasema. "Najua Omondi hakutuma mbu. Nilijua hata siku ile, nikiwa nasema yale maneno. Lakini Chelangat, nikimtoa Omondi pale, ni nani anabaki? Si ni mimi? Ni mimi nilimfunika blanketi. Ni mimi nilisema itapita, tungoje kidogo."

Hapo nikaelewa nilichokuwa nataka kumnyang'anya. Mwaka mzima nilidhani mama amekosea hoja, kumbe alikuwa amejificha ndani yake. Ilikuwa ama Omondi ama yeye, na aliweka Omondi kwa sababu asingeweza kuendelea kuamka asubuhi kama angejiweka mwenyewe. Nilitamani uwe hapo. Nilikuwa na hofu ya kusema neno moja lililo sahihi na kumuua mama kwa usahihi wake.

Lakini ulikuwa umetufundisha kwamba ukipewa ama hiki ama kile, uliza kwanza kama ni hivyo viwili tu. Nikauliza.

"Mama, nani alikuwa wa kwanza kusema ni ile mvua?"

"Ni yeye," akasema.

"Na alikuwa amesoma. Alijua ziwa, alilala kule mwenyewe, na mambo ya ndoo alituletea yeye. Akakosea sawa na wewe. Sawa na mimi. Utamlaumu?"

"Kibet?" Aliniangalia kama nimemtukana. "Siwezi kumlaumu Kibet. Alikuwa mtoto. Alikuwa anaumwa."

Nilikuwa nimeweka misingi miwili na sikuongeza neno, kama wewe. Wewe ulikosea sawa na mama. Na mama hawezi kukulaumu. Nilingoja mama aseme lile neno lake, ajitoe na yeye kwenye lawama. Hakulisema. Alichuna mpaka mwisho wa mstari, akamimina kikapu kwenye gunia, akarudi, akachuna mstari wa pili wote. Nilidhani nimeshindwa. Tulipokuwa tunafunga gunia, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Mwambie aje na aproni yake. Jumamosi ijayo majani yatakuwa mengi."

Basi Omondi alikuja Jumamosi hii iliyopita, asubuhi, kabla umande haujakauka. Amekonda. Alisimama kwenye lango mpaka mama akamwita. Mama hakumwambia pole na hakumwomba msamaha, unamjua. Alitangulia mpaka nyuma ya boma, hapo ulipo, akainama, akachota udongo, akauweka kwenye kiganja cha Omondi na kumfunga vidole kwa mikono yake miwili. Akamshikilia hivyo kwa muda. Kisha akamwachia. Omondi akafungua mkono juu yako. Kama uliusikia udongo huo, ni ule aliokatazwa kuutupa siku ile.

Chai ilikuwa tayari, na kikombe kisicho na sukari kilikuwa kando. Tukaingia shambani, Omondi kwenye mstari wa pili, mimi wa tatu, mama wa nne, ufito juu ya michai. Tulichuna muda mrefu mpaka mama akasema, "Omondi, sema ile ya ng'ombe."

Omondi alikohoa. "Ng'ombe wote hula majani," akasema. Tukachuna. Tulipofika katikati akasema, "Chelel ni ng'ombe."

Tukafika mwisho wa mstari. Omondi akasimama na kikapu mgongoni, kama ulivyokuwa ukisimama. Mimi sikutazama upande wa mama. Nilisikia mtu akikata kuni ng'ambo ya mto, na Chelel mwenyewe akilia bomani, anataka maji.

"Kwa hivyo," mama akasema, na sauti ilikuwa ileile ya kuweka sufuria mezani. "Kwa hivyo Kibet hayuko."

Haifuati, ndugu yangu. Huhitaji hata mwaka wa kwanza kujua haifuati. Hakuna kitu ndani ya zile sentensi mbili kinachofika hapo, na ufito ungewekwa popote, neno hilo halingechunwa. Nilimtazama Omondi, ambaye kila jioni anawafundisha watoto wa watu kukamata hoja ya aina hiyo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndiyo, mama," akasema.

Mama akapangusa uso kwa pindo la leso, akaingia mstari unaofuata, na sisi tukamfuata.

Lala salama, weri. Majani ni mengi msimu huu, na mstari wako tunauchuna kwa zamu.

Ni mimi,
dada yako mkubwa